Kabla ya Mstari wa Kwanza: Meza ya Kazi ya Mchangiaji wa Programu Huria

Kila Oktoba ikikaribia, kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wanaojifunza kuandika programu huibuka swali lile lile: "Nataka kuchangia programu huria, naanzia wapi?" Majibu huja haraka. Fungua akaunti GitHub, tafuta mradi, bonyeza foki, badilisha kitu, tuma ombi, umemaliza.

Mwaka 2020 ushauri wa namna hiyo ulizua balaa. Kampuni ya DigitalOcean, inayoendesha tangu 2014 tamasha la Hacktoberfest, la kuhamasisha watu kuchangia programu huria kila Oktoba, ilikuwa imeahidi fulana kwa washiriki wa mwanzo watakaotuma maombi manne ya mabadiliko, yaani kuwaomba wenye mradi wapokee ulichobadilisha. Oktoba ilipoingia, miradi mingi ilifurika maombi yasiyo na maana: mtu ameongeza neno moja kwenye faili la maelezo, mwingine ameandika tu kwamba mradi huu ni mzuri sana. Watunzaji wa miradi, ambao wengi hujitolea baada ya saa za kazi, walikesha wakiyafunga moja baada ya jingine. Ndani ya siku chache waandaaji walilazimika kubadili kanuni: mradi ushirikishwe pale tu wenyewe wanapokubali.

Sidhani kama wengi wa waliotuma maombi yale walikuwa na nia mbaya. Hawakuwa wameuona mradi ukitembea kwenye kompyuta zao, basi. Kati ya "nataka kuchangia" na "nimechangia" kuna hatua ambayo wanaotoa ushauri huiruka, nayo ndiyo inayowakatisha tamaa wengi kuliko kuandika msimbo kwenyewe: kuandaa mazingira ya kazi.

Maneno kwanza

Msimbo ni maandishi anayoandika binadamu ili kuiambia kompyuta ifanye nini. Programu ni kile unachokipata maandishi hayo yakishageuzwa kuwa kitu kinachotembea. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na ina leseni inayokuruhusu kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Wengi huchanganya huria na bure. WhatsApp hulipii, lakini huwezi kuufungua msimbo wake ukaongeza unachotaka. Kwa hiyo ni ya bure, si huria.

Na mazingira ya kazi ni nini? Chukua fundi cherehani. Gauni ukilinunua dukani, unalivaa tu. Ukitaka lipunguzwe kiuno, unampelekea fundi, naye hafanyi kazi kwa mikono mitupu. Ana meza, cherehani, mkasi, chaki, futi ya kupimia, uzi wa rangi inayofanana na sindano ya namba inayoendana na kitambaa. Sindano namba 11 hupita vizuri kwenye kitambaa chepesi. Ipeleke kwenye jinzi nzito, inakatika. Ikikatika haina maana kwamba fundi hajui kushona. Chombo na kitambaa havikuendana.

Mazingira ya kazi ya mwandishi wa programu ndiyo meza hiyo: mkusanyiko wa vyombo, vyenye namba zinazoendana, vinavyoiwezesha kompyuta yako kuugeuza msimbo kuwa programu inayotembea mbele yako, uibadilishe, uione imebadilika. Asilimia kubwa ya wanaoniandikia kwamba "programu huria ni ngumu" hawajafika kwenye programu yenyewe. Sindano yao imekatika.

Mfano kutoka Eldoret

Tuchukue mradi mmoja wa kweli. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich kutoka Indiana, Marekani, walifika Eldoret, Kenya. Huko mpango wa AMPATH, ubia wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulikuwa ukihudumia wagonjwa wa UKIMWI ambao idadi yao ilikuwa inaushinda mfumo wa kumbukumbu uliokuwapo. Kutokana na shida hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huo huo ikaingia Rwanda. Leo mfumo wa KenyaEMR na ule wa UgandaEMR umejengwa juu yake.

Nimeuchagua kwa sababu unagusa maisha ya watu tunaowajua, na kwa sababu unaonyesha karibu kila kinachomsumbua anayeanza. Una pande mbili. Upande wa nyuma, yaani seva, ndiko data inakohifadhiwa na kanuni zinakotekelezwa. Umeandikwa kwa lugha ya Java. Upande wa mbele ndio anaouona muuguzi kwenye kivinjari. Toleo jipya linaloitwa O3 limeandikwa kwa lugha ya TypeScript na maktaba ya React. Pande hizo mbili hazidai vyombo vya aina moja, kwa hiyo kabla ya kupakua chochote amua unataka kugusa upande upi. Nimeona watu wakijaza diski kwa vyombo vya pande zote mbili ilhali walichotaka ni kurekebisha maandishi ya kitufe kimoja.

"Nikikosea si nitaharibu mfumo wa hospitali?"

Swali hili naulizwa sana, na anayeuliza ana hofu ya kweli. Jibu ni hapana, na sababu yake ni kwamba msimbo haukai sehemu moja. Kuna nakala tatu, na ukizitofautisha, nusu ya mkanganyiko inakwisha.

Ya kwanza ni nakala asili, iliyo chini ya watunzaji wa mradi. Wewe unaisoma tu. Huna ruhusa ya kuigusa. Ya pili ni foki, yaani nakala unayojitengenezea kwenye akaunti yako ya GitHub. Hiyo ni yako, ibadilishe upendavyo. Ya tatu ni ile unayoivuta kutoka kwenye foki hadi kwenye kompyuta yako kwa amri ya `git clone`. Kazi yote hufanyika kwenye ya tatu, kisha unairudisha kwenye ya pili, halafu unawaomba wenye ya kwanza waiangalie. Wakiridhika, wanaichukua. Hospitali nazo hazitumii moja kwa moja hata hiyo nakala asili. Hutumia toleo lililokwisha kupimwa na kufungashwa. Kosa utakalofanya saa nane usiku sebuleni kwako linabaki sebuleni kwako.

Na taarifa za wagonjwa? Hazimo kabisa. Msimbo wa kutunza kumbukumbu ni kitu kimoja, kumbukumbu zenyewe ni kitu kingine. Aliyekuuzia daftari tupu hajakupa siri za aliyeandika kwenye daftari kama hilo.

Hapo hapo tutenganishe Git na GitHub. Git ni chombo kinachokaa kwenye kompyuta yako na kuandika historia ya kila badiliko: nani, lini, mstari upi. Linus Torvalds alikitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ulio huria. GitHub ni tovuti iliyokuja 2008, mahali pa kuziweka nakala hizo na kuzungumzia mabadiliko. Git inafanya kazi hata umeme umekatika na bando limeisha, mradi laptopu ina chaji. GitHub inahitaji mtandao.

Kilicho juu ya meza

Ukiacha Git, meza ya kawaida ina vitu vinne. Kuna kihariri cha kuandikia msimbo. VS Code hutosha, na si lazima kiwe hicho. Kuna kitekelezi cha lugha, yaani programu inayoielewa lugha husika: Java kwa upande wa nyuma wa OpenMRS, Node kwa upande wa mbele. Kuna meneja wa vifurushi, ambaye ni Maven kwa Java na Yarn kwa upande wa mbele. Na mara nyingi kuna hifadhidata, ghala la taarifa, kama MySQL.

Huyo meneja wa vifurushi anahitaji maelezo kidogo. Hakuna anayeandika programu kubwa kuanzia sifuri. Kupanga tarehe, kusoma faili, kuchora jedwali, vyote hivyo watu wengine walishaviandika, na mradi unavitumia. Vinaitwa vitegemezi. Kila kitegemezi kina vyake, na hivyo vina vyake tena, mpaka mradi wa kawaida wa upande wa mbele unajikuta na folda yenye maelfu ya vifurushi. Kazi ya meneja ni kusoma orodha, kuvitafuta vyote mtandaoni na kuvileta. Ndiyo maana unaandika neno moja, `yarn`, kisha kompyuta inakaa dakika kadhaa ikivuta vitu usivyovijua. Mwache amalize.

Hapa bando linaingia, na maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao hawajawahi kununua mtandao kwa MB. Amri ya `git clone` ikikatika katikati, haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Kwa mradi wenye historia ndefu unaweza kupoteza bando zima bila kupata kitu. Tumia `git clone --depth 1`, ambayo inaleta hali ya sasa tu bila historia ya miaka yote. Historia ukija kuihitaji, utaivuta baadaye kwa `git fetch --unshallow`. Vitegemezi vya Maven vina nafuu zaidi: vilivyokwisha kufika vinabaki kwenye folda ya `.m2`, havivutwi tena. Nenda mahali penye WiFi nzuri mara moja, jenga mradi mara moja, kisha rudi nyumbani ufanye kazi kwa `mvn -o`, hiyo `o` ikimaanisha usiguse mtandao.

61 na 52

Nieleze kilichonipata, maana ndicho kilichonifundisha kusoma ujumbe wa hitilafu badala ya kuukimbia.

Mradi wenyewe sitautaja. Ulikuwa wa Java. Nilifuata maelekezo mstari kwa mstari, nikaandika amri ya mwisho, skrini ikajaa mistari mekundu. Nilifanya kinachofanywa na wengi: nikafuta kila kitu, nikaanza upya. Mistari mekundu ile ile. Usiku wa pili nikabadilisha kihariri, ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na tatizo. Usiku wa tatu ndipo nilipotulia nikausoma ule ujumbe, neno kwa neno. Ulisema kwamba faili lililojengwa ni la toleo 61.0, na Java iliyopo inatambua hadi toleo 52.0 tu.

Namba hizo zinaonekana kama za siri, lakini hesabu yake ni nyepesi. Toa 44. Sitini na moja ukitoa arobaini na nne unapata 17. Hamsini na mbili ukitoa arobaini na nne unapata 8. Mradi ulijengwa kwa Java 17, na kwenye laptopu yangu palikuwa na Java 8 iliyobaki tangu somo la chuoni. Sindano na kitambaa. Usiku tatu ziliishia kwenye kubadilisha toleo moja, kazi ya dakika kumi.

Tangu hapo, kabla ya kugusa mradi wowote naandika `java -version` au `node -v` na kulinganisha na kinachodaiwa na maelekezo. Na kwa kuwa mradi mmoja unataka toleo hili na mwingine lile, usifute moja ili uweke jingine. Viko vyombo vya kuyahifadhi yote na kuchagua: SDKMAN kwa Java, nvm kwa Node.

Ujumbe wa hitilafu una tabia nyingine inayotisha bure: urefu. Mistari mia mbili haina maana ya makosa mia mbili. Mara nyingi ni kosa moja na orodha ya milango lililopitia. Kwa Java, tafuta mstari wa mwisho unaoanza na "Caused by". Hapo ndipo mzizi ulipo. Ukitaka msaada kwa watu, bandika maandishi ya ujumbe wenyewe, taja mfumo wa kompyuta yako na toleo la vyombo. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, nusu imefunikwa na mwanga wa taa, inamchosha anayetaka kukusaidia.

Nyumbani kwako mwenyewe

Upande wa nyuma wa OpenMRS una chombo chake cha kurahisisha, SDK inayofanya kazi kupitia Maven. Ukishakiweka, `mvn openmrs-sdk:setup` inakuuliza maswali machache, kama seva uiite nani na unataka hifadhidata ipi, kisha inakusanya vipande. Halafu `mvn openmrs-sdk:run` inaiwasha. Unafungua kivinjari, unaandika `localhost:8080/openmrs`, unaingia kwa jina `admin` na nywila `Admin123`. Ni nywila ya majaribio iliyotangazwa kwa kila mtu, na ndiyo sababu anayeuweka mfumo kazini lazima aibadilishe.

Neno `localhost` limewachanganya wengi. Nimetumiwa viungo vya `localhost` kwenye WhatsApp mara nyingi: "Kaka, angalia mfumo wangu." Nikikibonyeza hakifunguki, na mwenzangu anashangaa, kwake si kinafunguka? `Localhost` maana yake ni "kompyuta hii hii". Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwamba unakaa "hapa nyumbani". Kila anayesikia maneno hayo atafikiria nyumbani kwake. Ile 8080 ni namba ya mlango. Mlango mmoja hauchukui programu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiambiwa mlango unatumika tayari, tafuta programu uliyoiacha wazi tangu jana, uizime.

Kwa upande wa mbele kuna njia fupi ninayoipenda sana. Miradi ya O3 imepangwa ili uwashe kipande unachokifanyia kazi tu, huku data ikitoka kwenye seva ya majaribio ya jumuiya iliyoko mtandaoni. Huhitaji Java, wala MySQL, wala SDK. Unavuta mradi, kwa mfano ule wa faili la mgonjwa, unaandika `yarn`, kisha `yarn start` ukitaja kipande chako. Badilisha maandishi ya kichwa cha habari kimoja, hifadhi, na kwenye kivinjari neno linabadilika. Wagonjwa unaowaona ni wa kubuni. Kwa mtu mwenye laptopu ya RAM ya GB 8, hiyo ni nafuu kubwa.

Tukishataja RAM, tuseme juu ya Docker, maana wapo wanaoitaja kama dawa ya kila ugonjwa. Umeona maduka ya kontena yaliyojaa mijini kwetu: kontena linaletwa likiwa na rafu, waya na dirisha la kuuzia, linashushwa, linaunganishwa umeme, biashara inaanza. Docker inafanya hivyo kwa programu. Mradi unafungwa pamoja na toleo lake la Java, hifadhidata yake na mipangilio yake, na wewe unaushusha ukiwa mzima, kwa hiyo tatizo la 61 na 52 halikufikii. Lakini kontena ni zito. Unavuta GB kadhaa, na kwenye Windows au Mac Docker huendesha mashine nyingine ndani ya mashine yako, na hiyo inakula RAM. Mwenye kompyuta nzuri na mtandao wa uhakika atumie Docker. Mwenye laptopu ya mtumba na bando la siku asione haya kuweka vyombo kimoja kimoja kwa mkono. Atachelewa kidogo, lakini atajua kila chombo kinafanya nini.

Na wanaotumia Windows: maelekezo mengi yameandikwa na watu wa Linux. WSL, ambayo ni Linux inayoishi ndani ya Windows, inapunguza usumbufu huo sana.

Kupeleka kazi

Sasa umeona kosa, umelirekebisha, linafanya kazi mbele yako. Kabla ya kurekebisha ulipaswa kufungua tawi, yaani njia ya pembeni ya historia yenye badiliko hilo peke yake. Ukichanganya marekebisho matatu kwenye tawi moja, mkaguzi hawezi kuchukua mazuri mawili na kuacha moja bovu.

Angalia tofauti kabla ya kutuma, kwa `git diff`. Hapo watumiaji wa Windows hukutana na ajabu moja: umebadilisha mstari mmoja, lakini Git inadai umebadilisha mistari mia nne. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa alama moja, na kihariri chako kimebadilisha faili zima bila kukuuliza. Mkaguzi akifungua anaona ukuta wa rangi nyekundu na kijani, hajui badiliko lako liko wapi. Rekebisha mpangilio wa `core.autocrlf` kwenye Git na uchague LF, ile alama moja ya Linux, kwenye kihariri. Angalia pia usije ukapeleka faili lenye nywila au funguo zako. Zikishaingia kwenye historia ya wazi, zihesabu kuwa zimevuja na uzibadilishe, hata kama umezifuta.

Ukituma ombi la mabadiliko, mashine zinakutangulia. Zinajenga mradi upya na kuendesha majaribio yote, kisha zinaweka alama ya tiki au ya x. Baadaye anakuja binadamu. Atakuuliza kwa nini umefanya hivi, atakuomba ubadilishe jina la kitu, pengine mara tatu. Wengi wetu tumelelewa kwenye shule ambako wino mwekundu ni aibu, na huchukulia maswali hayo kama kukataliwa. Si hivyo. Mtunzaji asiyeitaka kazi yako huifunga. Anayeuliza maswali ameshaanza kuifanyia kazi pamoja nawe.

Lakini kama kila mtu anaweza kutuma, si hatari? Pande mbili hupotosha hapa: wanaosema programu huria ni mlango wazi kwa wezi, na wanaosema ni salama kwa kuwa kila mtu anaiona. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejijengea imani kwa miaka miwili hivi kwenye mradi mdogo wa kubana mafaili, xz, alikuwa ameingiza mlango wa siri ambao ungefungulia mashine nyingi za Linux duniani. Uwazi haukumzuia. Aliyemnasa ni mhandisi Andres Freund, ambaye alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye mashine yake. Akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akaamua kufuatilia. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, aliweza kufuata nyayo hadi mwisho. Alikuwa mezani kwake, na aliijua meza yake kiasi cha kusikia nusu sekunde iliyozidi.

Kwa anayeanza wiki hii

Kuna michango isiyohitaji meza yote hii. Tafsiri za OpenMRS hupitia tovuti ya Transifex, na anayejua Kiswahili cha hospitali, anayejua kwamba muuguzi wa zamu hasemi vile kamusi inavyosema, ana kazi ya kufanya huko akiwa na kivinjari tu. Kuripoti kosa kwa maelezo kamili pia ni mchango. Sipendi watu wanaouita mdogo.

Anayetaka kuandaa meza, ushauri wangu ni mmoja: fungua faili la kawaida la maandishi, na kila hatua unayopiga iandike. Amri uliyotumia, ilichojibu, ulipokwama, ulivyotoka. Maelekezo ya miradi huchakaa kimya kimya, maana walioyaandika walishaandaa kompyuta zao miaka iliyopita na hawana sababu ya kuyarudia. Mgeni ndiye pekee anayepita njia nzima tangu getini, na shimo lililochimbika jana analiona yeye. Wiki mbili baadaye hata yeye hatalikumbuka.

Mimi usiku wa tatu ule, baada ya mradi kuwaka, nilirudi kwenye faili la maelezo, lile lile ambalo watu wa 2020 walikuwa wakilijaza maneno ya bure. Palikuwa pameandikwa tu kwamba unahitaji Java. Nikafungua tawi, nikaandika kwamba inahitajika Java 17 au zaidi, na nikaongeza ujumbe wa hitilafu utakaouona ukiwa na toleo la chini. Mtunzaji aliuliza swali moja tu, kama nimejaribu kwenye Windows. Nikamjibu ndiyo, akaupokea.

Nilipita kwenye mradi ule hivi karibuni. Mstari upo bado, ila si kama nilivyouandika. Mtu mwingine amebadilisha namba. Sasa unasema 21, na chini yake ameongeza jinsi ya kuiweka kwa SDKMAN.